Kuuza bidhaa zisizosafirishwa kwenye duka la mtandaoni: mwongozo kamili kwa muuzaji wa Uganda

Mteja yuko Arua. Amechagua kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha S1 (kidato cha kwanza), faili ya PDF ya shilingi 10,000. Anafika kwenye ukurasa wa kulipia, duka linamwongezea shilingi 8,000 za usafirishaji, kisha linamtaka aandike mtaa, namba ya nyumba na sanduku la posta. Anafunga ukurasa na kwenda zake. Faili ingemfikia kwenye simu papo hapo, ila duka lilipangwa kana kwamba kuna mzigo wa kupakiwa kwenye basi la usiku.

Tatizo hilo dogo linaondoka kwa tiki mbili, na nitazionyesha. Kazi kubwa iko kwingine. Bidhaa ya kidijitali haina mtu wa boda anayesimama mlangoni mpaka alipwe. Mfumo wenyewe ndio unaoikabidhi, pindi unapoamini kwamba pesa imeingia. Kwa kuwa wateja wetu wengi hulipa kwa simu, palipo na hatari ni pale kati ya mteja kubonyeza PIN na oda kugeuka kuwa "imelipwa". Ukipatengeneza hapo, mengine yatafuata.

Nitatumia WooCommerce, plagini (programu ya kuongezea) ya bure inayokaa juu ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, kwa sababu unalipia jina la tovuti na hosting (nafasi ya tovuti kwenye seva) tu, na kampuni za malipo zinazofanya kazi Uganda zimeshaitengenezea plagini zao. Shopify nayo inaweza: kwenye ukurasa wa bidhaa unatoa tiki inayosema bidhaa ni ya kushikika, halafu unaweka programu yao ya Digital Downloads. Lakini huduma yao wenyewe ya malipo haipo Uganda, kwa hiyo utatafuta kampuni nyingine ya malipo huku ukiendelea kulipa ada ya kila mwezi kwa dola. Kwa anayeanza na vitabu vitatu vya PDF, sioni faida yake.

Kwanza, jua unauza nini

Bidhaa zisizosafirishwa hazifanani, na mipangilio yake haifanani pia.

Faili ya kupakua: kitabu cha PDF, wimbo, kielelezo cha kadi ya harusi, picha. Hii inahitaji tiki zote mbili, "Virtual" na "Downloadable".

Huduma: somo la Kiswahili kwa Zoom, ushauri, kusahihishiwa insha. Hii ni "Virtual" peke yake, maana hakuna faili ya kupakua. Ujue mapema kwamba oda ya namna hii, hata ikishalipwa, itakaa kwenye hali ya "Processing" mpaka wewe uikamilishe kwa mkono baada ya kutoa huduma. Mfumo hauna hitilafu hapo, ndivyo ulivyotengenezwa.

Kiti au tiketi: semina yenye nafasi 40. Ni "Virtual" pia, lakini hapa washa hesabu ya stoku, la sivyo utauza viti 60. Kwa faili za kupakua fanya kinyume chake: zima stoku kabisa. PDF haiishi, na hakuna kinachochekesha kama duka linalosema kitabu cha kidijitali kimekwisha.

Andaa faili kabla ya kugusa duka

Wauzaji wengi wanapita hapa mbio, na ndipo malalamiko yanapoanzia. Mnunuzi wako anasoma kwenye simu, na bando ameinunua kwa pesa yake. Tangu Julai 2021 data za intaneti zina ushuru wa asilimia 12, uliokuja kuchukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii, OTT, ya shilingi 200 kwa siku. PDF iliyotokana na kurasa zilizopigwa skani inaweza kufika MB 60, ilhali maandishi yale yale yakitolewa moja kwa moja kutoka kwenye Word yanakuwa MB 2 au 3. Kama ni lazima uskani, skani kwa rangi nyeusi na nyeupe, kisha ibane faili kabla ya kuipakia.

Ukubwa wa ukurasa nao ni jambo. A4 yenye safu mbili inapendeza ikichapwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, ila kwenye simu msomaji anavuta kushoto, anavuta kulia, anachoka. Panga kurasa kwa A5, herufi za 12 au 13, safu moja. Kama unajua shule zitataka kuchapa, weka faili mbili ndani ya bidhaa moja: ya simu na ya kuchapa. WooCommerce inaruhusu faili nyingi kwa bidhaa moja, na kila moja unaipa jina lake.

Jina la faili liwe la kueleweka, bila nafasi wala alama za ajabu: kiswahili-s1-mazoezi.pdf. Mteja akiitafuta wiki ijayo kwenye folda ya vilivyopakuliwa, ataiona. Akikuta "final-final2.pdf", atakupigia wewe simu.

Video usiipakie kwenye hosting yako. Itakula nafasi yote na tovuti itatambaa. Iweke kwenye huduma ya video yenye kufungwa kwa nywila, uuze PDF yenye kiungo na nywila hiyo.

Mipangilio ya jumla

Ingia WooCommerce, kisha Settings, ukurasa wa General. Chagua sarafu ya shilingi ya Uganda na uweke desimali 0. Duka hukuletea desimali mbili, na bei inayosomeka "10,000.00" humfanya mtu asome mara mbili. Hatuna senti za kuhesabu.

Hapo hapo kuna mahali pa kuchagua unasafirisha wapi. Kama duka zima ni la kidijitali, chagua kuzima usafirishaji na mahesabu yake yote. Kama unauza pia vitabu vilivyochapwa, uache. Tiki ya "Virtual" itatosha kuziondoa bidhaa za kidijitali, na kikapu chenye vitu vya aina zote mbili kitatozwa usafiri wa kile cha kushikika tu.

Sasa jambo ambalo miongozo ya nje haitakuambia. Kwenye ukurasa huo kuna mpangilio wa eneo la mteja, na duka linaweza kukisia nchi yake kwa anwani yake ya intaneti. Usikubali. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, na tangu hapo watu wengi hutembea na VPN (programu ya kupitisha intaneti yako nchi nyingine) imewashwa simuni kutwa nzima. Mteja aliyeko Ntinda ataonekana yuko Uholanzi, fomu itamchagulia Uholanzi, na kama plagini yako ya malipo huonyesha malipo ya simu kwa wateja wa Uganda tu, MTN na Airtel hatazikuta. Atakuta kadi ya benki peke yake, na hana kadi. Weka eneo la kuanzia liwe nchi ya duka, basi.

Kutengeneza bidhaa

Nenda Products, ongeza bidhaa mpya, andika jina na maelezo. Kwenye maelezo sema wazi, mstari wa kwanza kabisa: "Hii ni faili ya PDF ya kupakua. Hutatumiwa kitabu cha karatasi." Andika idadi ya kurasa na ukubwa kwa MB. Weka picha za kurasa mbili tatu za ndani. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima S1 na S2, na mwalimu anayetafuta mazoezi anataka kuona yanafuata mtaala huo kabla hajatoa shilingi yake.

Shuka mpaka kwenye kisanduku cha data za bidhaa. Acha aina iwe "Simple product", kisha tia tiki "Virtual": sehemu ya usafirishaji itatoweka mbele ya macho yako. Tia tiki "Downloadable": itatokea sehemu ya kuweka faili. Tiki zote mbili zikiwepo, oda iliyolipwa inaruka moja kwa moja kwenye "Completed" na kiungo kinatoka. Ukitia ya pili ukasahau ya kwanza, duka litaidhania ina mzigo wa kusafirishwa. Litadai usafiri na oda itakwama kwenye "Processing".

Pakia faili kwa kitufe cha hapo hapo kwenye bidhaa. Usiipakie kupitia maktaba ya picha za kawaida. Sababu utaiona kwenye sehemu ya ulinzi.

Chini yake kuna kikomo cha kupakua na muda wa kuisha. Ukiviacha wazi, mteja anapakua milele. Wapo wanaoweka kikomo cha 1 wakidhani wanazuia wizi. Mtandao ukikatika katikati, au bando ikaisha faili ikiwa nusu, huyo mteja huenda ameshachoma nafasi yake pekee, na wewe umejitafutia kazi ya kujibu simu saa nne usiku. Mimi naweka 5, bila tarehe ya kuisha.

Kama bidhaa ina matoleo mawili, PDF na kitabu cha karatasi, tumia "Variable product". Hapa tiki hazikai juu. Kila toleo lina tiki zake ndani, ukilifungua. Toleo la PDF lipe zote mbili, la karatasi usilipe hata moja, ila lipe uzito. Ukiona duka linadai usafiri kwa PDF wakati "ulishaweka tiki", kwenye bidhaa ya aina hii anza kuangalia hapo.

Kulinda faili

Faili zilizopakiwa kupitia bidhaa hukaa kwenye folda ya woocommerce_uploads, ambayo ina kizuizi chake ili mtu asizichukue kwa kuandika anwani tu. Kizuizi hicho ni faili ya .htaccess, nayo inasomwa na seva za Apache. Seva ya Nginx haiisomi. Kwa hiyo jaribu mwenyewe: andika anwani kamili ya faili kwenye kivinjari ambacho hujaingia kama msimamizi. Ikifunguka, waandikie watu wa hosting wakuwekee kanuni ya kuifunga folda hiyo. Hosting nyingi zinafanya hivyo siku hiyo hiyo.

Kisha fungua Settings, ukurasa wa Products, sehemu ya bidhaa za kupakuliwa. Njia ya kupakua iwe "Force downloads" kwa faili ndogo. Usichague ya kuelekeza tu, maana humwonyesha mteja anwani halisi ya faili, naye ataituma kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Ile ya kulazimisha mteja aingie kwenye akaunti kabla ya kupakua, iache bila tiki kama unaruhusu watu kununua bila kujisajili. Ukiiwasha, mnunuzi asiye na akaunti atakuwa amelipa na mlango umefungwa.

Kuhusu wizi, tusidanganyane: PDF ikishatoka, imetoka. Kinachosaidia ni kuchapa jina au namba ya simu ya mnunuzi chini ya kila ukurasa, na zipo plagini za kazi hiyo. Mwalimu hufikiri mara mbili kabla ya kusambaza kitabu chenye namba yake. Bei ya kutoumiza husaidia zaidi.

Fomu ya kulipia

Hata usafirishaji ukizimwa, duka bado litaomba anwani ya mlipaji. Iondoe. Kwa faili unahitaji jina, namba ya simu na barua pepe, hakuna kingine. Ukurasa wa malipo wa mtindo mpya una mipangilio ya baadhi tu ya sehemu hizo ndani ya kihariri chake. Ule wa zamani unahitaji plagini ya kuhariri fomu. Uliza kampuni yako ya malipo kwanza kama kuna sehemu inayoihitaji, hasa kwa wanaolipa kwa kadi.

Usikusanye usichokihitaji kwa sababu nyingine pia: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakuhusu hata ukiwa na duka la mtu mmoja. Namba za wateja hazigeuki orodha ya kutumia matangazo bila idhini yao.

Malipo ya simu

Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni ya mkono. Tumia njia ya malipo ya benki iliyomo ndani ya WooCommerce, ubadilishe jina na maelezo yake: "Lipa kwa MTN MoMo au Airtel Money, andika namba ya oda kwenye sababu ya malipo." Oda itakaa "On hold", faili haitatoka, mpaka uthibitishe na kuikamilisha mwenyewe. Haina gharama ya kuanzisha, na kwa oda chache kwa wiki inatosha. Ila thibitisha kwa salio na ujumbe ulioingia kwenye simu yako. Picha ya ujumbe ambayo mteja amekutumia WhatsApp haithibitishi chochote. Ni kitu cha kutengenezwa kwa dakika mbili. Na mteja anayenunua usiku atasubiri mpaka uamke, jambo ambalo kwa mwanafunzi mwenye mtihani kesho ni sawa na kutomuuzia.

Ya pili ni kampuni ya malipo: Pesapal na Flutterwave ni miongoni mwa zinazopokea MTN na Airtel za Uganda na zina plagini za WooCommerce. Unajisajili, unapeleka hati za biashara au kitambulisho kwa kadiri wanavyodai, unapewa funguo, yaani maneno ya siri ya kuunganisha duka na kampuni, za kubandika kwenye plagini. Kabla ya kusaini uliza makato yao kwa kila malipo na pesa inakaa siku ngapi kabla ya kukufikia. Kwenye hesabu zako kumbuka pia ushuru wa asilimia 0.5 unaokatwa mtu anapotoa pesa kwenye simu. Ukitoa kila jioni vijisehemu vijisehemu, ada za kutoa zitakutafuna.

Sasa tazama kinachotokea mteja akilipa. Anaandika namba, ombi linamtokea kwenye simu, anabonyeza PIN. Mtandao wa simu unaiarifu kampuni ya malipo, nayo inaiarifu seva yako kwamba oda fulani imelipwa. Arifa hiyo ya mwisho ndiyo inayofungua faili, na ina anwani yake maalumu ambayo lazima uiandikishe; Pesapal huiita IPN. Wengi hawaiandikishi, na duka huonekana linafanya kazi kwa sababu mteja akirudi mwenyewe kwenye ukurasa wa duka, plagini huuliza hali ya malipo. Lakini mteja wa simu mara nyingi harudi. Anabonyeza PIN, anaona ujumbe wa MoMo, anafunga kivinjari. Pesa imekatwa, oda inasema "Pending payment", na kwa macho yake wewe ni tapeli.

Kwa hiyo andikisha anwani ya arifa, kisha hakikisha plagini ya usalama au ya kuharakisha tovuti haiizuii. Kurasa za kikapu, malipo na akaunti zisihifadhiwe kwenye kashe, yaani nakala za kurasa zinazowekwa tayari ili tovuti ifunguke haraka.

Jambo dogo linaloleta shida kubwa: namba. Mteja ataandika 077 au 075, mwingine 256 mbele, mwingine ataweka alama ya kujumlisha. Onyesha mfano kwenye fomu, kwa umbo ambalo kampuni yako inalitaka. Na andika waziwazi kwamba namba ya kulipia iwe ile yenye pesa. Mtu ana laini mbili, ya WhatsApp ni Airtel na pesa iko MTN.

Kiungo kimfikie mteja

WooCommerce hutuma kiungo kwa barua pepe. Barua zinazotumwa na seva ya hosting ya bei rahisi huishia kwenye taka, kwa hiyo weka plagini ya SMTP (njia ya kawaida ya kutuma barua pepe) na utume kupitia akaunti halisi ya barua pepe yenye jina la tovuti yako. Zaidi ya hapo, ukurasa wa kushukuru unaonyesha kiungo cha kupakua mara tu malipo yakithibitishwa, ongeza maneno juu yake: "Pakua sasa kabla hujafunga ukurasa huu." Na weka namba yako ya WhatsApp ya biashara. Wateja wengi wa huku wana barua pepe waliyofunguliwa dukani siku ya kununua simu, na nywila yake hawaijui.

Jaribu kama mteja mgumu

Shusha bei ya bidhaa moja hadi shilingi 1,000 na uinunue kwa pesa halisi, kwa simu, ukiwa hujaingia kwenye akaunti ya msimamizi. Nunua kwa MTN, kisha kwa Airtel. Nunua ukiwa na VPN imewashwa. Halafu fanya jaribio lenye maana kuliko yote: bonyeza PIN na ufunge kivinjari papo hapo. Subiri dakika chache, fungua oda upande wa msimamizi. Ikiwa imefika "Completed" na barua imetoka, duka liko tayari. Ikiwa bado ni "Pending payment", arifa haifiki. Usitangaze chochote mpaka ifike.

Kodi na haki

Bidhaa kutoshikika hakuiondolei kodi. Kama umesajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 haiondoki kwa sababu tu bidhaa ni faili, na risiti za EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato URA, zinakuhusu. Andika bei zikiwa na kodi ndani yake; mteja akiona 10,000 kwenye bidhaa alipe 10,000.

Uza kilicho chako. Kuskani kitabu cha mchapishaji au kukusanya karatasi za baraza la mitihani, UNEB, bila ruhusa na kuziuza ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006. Maswali uliyotunga mwenyewe kwa kufuata mtaala ni yako, na unaweza kuyasajili URSB, ofisi ya usajili ya serikali.

Baada ya kuanza kuuza

Simu utakazopigiwa zaidi ni za aliyepoteza kiungo. Fungua oda yake, shuka mpaka sehemu ya ruhusa za kupakua: utaona amepakua mara ngapi, unaweza kumwongezea, kumfutia, au kunakili kiungo na kumtumia WhatsApp. Akikuambia hajawahi kupakua na hapo pameandikwa mara 5, zungumza naye kwa upole. Huenda faili zote tano ziko kwenye simu yake na hajui folda ilipo.

Ukirekebisha kitabu, badilisha faili kwenye mstari ule ule wa bidhaa, kisha fungua oda ya zamani ya majaribio uone kama kiungo chake kinaleta toleo jipya. Kisipoleta, kwenye vitendo vya oda kuna cha kutengeneza upya ruhusa za kupakua. Kitumie kwa oda za walionunua, uwaandikie kwamba toleo jipya liko tayari na hawalipi tena.